Fundi, Kabla Hujashika Chaki

Kila msimu wa udahili unapokaribia, simu yangu hupokea swali lilelile kwa sauti tofauti. Kijana anayechomelea mageti Gongo la Mboto: "Mwalimu, nimeshika kazi hii miaka tisa, nifanyeje nifundishe VETA?" Mhitimu wa uhandisi aliyechoka kusubiri ajira: "Nina shahada tayari, kwa nini naambiwa nikasome ualimu?" Mama mshonaji wa Iringa: "Wasichana wangu wanatoka hapa wanajua kazi, ila mimi mwenyewe sina hata karatasi." Na msimamizi wa kiwanda: "Nimeletewa vijana kumi wa uanagenzi. Nianzie wapi?"

Nimeona nijibu mara moja, kwa maandishi. Jibu langu ni hili: chuo cha ualimu wa ufundi hakitakufanya fundi, na miaka ya karakana haitakufanya mwalimu. Hayo ni mapengo mawili, na kila mmoja wenu anapungukiwa na moja zaidi ya jingine. Kabla ya kutafuta fomu, jua lipi ni lako. Wengi wanaopoteza ada huipoteza hapo: wanakwenda kusomea kile walichonacho na kukiacha kile wanachokosa.

Kwa nini swali limepamba moto

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeigawa sekondari katika mikondo miwili: elimu ya jumla na elimu ya amali, yaani ya ujuzi wa kazi. Wazanzibari wanalijua neno "amali" kitambo, kwani hata chombo chao kinaitwa Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Bara ndiyo kwanza tunalizoea.

Kwako wewe maana yake ni kwamba milango imeongezeka. Mwalimu wa ufundi anahitajika:

- katika vyuo vya VETA, vilivyo chini ya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoundwa kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 1994;
- katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vile tunavyoviita FDC;
- katika shule za sekondari zenye mkondo wa amali;
- katika vyuo vya watu binafsi na vya mashirika ya dini;
- viwandani, hotelini, gereji na migodini, kwa kufundisha walioko kazini na wanagenzi.

Kila mlango una kizingiti chake. Anayekuambia kuwa cheti kimoja kinafungua yote anakuuzia kitu.

Jipime kwanza: uko kundi gani?

Chukua kalamu. Weka alama kwenye sentensi inayokuhusu.

1. *Mikono ninayo, karatasi sina.* Umejifunzia mtaani, kwa baba au kwa bwana fulani.
2. *Nina cheti cha ufundi au stashahada, sijasomea ualimu.* Umetoka VETA, chuo cha ufundi au taasisi kama ile ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT.
3. *Nimemaliza kidato cha sita au stashahada, nataka shahada.* Unatazama mbali: sekondari, ukufunzi, uongozi wa chuo.
4. *Nina shahada ya uhandisi, sijawahi kusimama mbele ya darasa.* Na, tuseme kweli, mashine nyingi umeziona zaidi vitabuni.
5. *Nipo kazini, nimepewa wanafunzi.* Hutaki kuhama, unataka kujua kufundisha.

Ukijikuta katika makundi mawili, anza na lenye namba ndogo.

Herufi zinazowachanganya watu

Nisiwapotezee muda kwa historia. Haya ndiyo ya kushika:

- NVA 1, 2, 3 ni tunuzo za ufundi stadi. Ngazi ya 3 ndiyo ya juu.
- Trade test ya zamani ilikwenda kinyume: Grade III ndiyo ya chini, Grade I ndiyo ya juu. Nimewaona wenye Grade I wakijaza fomu kana kwamba wana NVA 1, wakajishusha wenyewe kutoka juu hadi chini. Usifanye hivyo.
- NTA 4, 5, 6 ni ngazi za vyuo vya kati, kutoka astashahada ya awali hadi stashahada. NTA 8 ni shahada.
- NACTVET ni baraza linalosajili vyuo vya ufundi na ufundi stadi na kusimamia tunuzo zake. Kabla ya 2021 liliitwa NACTE.
- TCU ni Tume ya Vyuo Vikuu. Kila mwaka hutoa mwongozo wa udahili wenye sifa za kila programu.
- HESLB ni Bodi ya Mikopo. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 imeanza kukopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele.

Njia ya kila kundi

*Kundi la 1: fundi asiye na cheti.* Usikimbilie ualimu. Rasimisha ujuzi wako kwanza. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unajiandikisha katika chuo kilicho karibu, unahojiwa, unapimwa ukifanya kazi yako, na kasoro zikionekana unapewa mafunzo mafupi ya kuziba. Unatoka na cheti kinachosema unachoweza. Mara kwa mara Serikali hugharimia mafundi kwa mikupuo, kwa hiyo uliza chuoni kama kuna mkupuo ulio wazi kabla ya kulipa kutoka mfukoni.

Jiandae hivi:

- picha za kazi ulizofanya, kabla na baada;
- barua fupi za wateja wawili au watatu, zenye tarehe;
- barua ya aliyekufundisha, kama yupo;
- vifaa vyako vya kazi, safi, siku ya upimaji. Mpimaji anaona mengi kwenye hali ya spana.

Cheti hicho ni ngazi ya kwanza tu. Kutoka hapo panda hadi ngazi ya juu ya fani yako, ndipo uombe ualimu.

*Kundi la 2: mwenye cheti cha juu cha ufundi au stashahada.* Wewe ndiye ambaye Morogoro inamngojea. Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro, MVTTC, kipo kwa ajili ya kumchukua mtu anayeijua fani na kumpa ualimu. Walimu wengi wa VETA waliajiriwa kwa ufundi wao, kisha wakapelekwa huko. Soma tangazo la mwaka unaoomba, maana sifa za kuingia hubadilika. Usitegemee alichoambiwa binamu yako miaka minne iliyopita.

*Kundi la 3: anayetaka shahada.* Fungua mwongozo wa TCU na utafute programu zenye maneno "Technical Education", yaani elimu ya ufundi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, ambacho hadi 2012 kilikuwa taasisi na kabla yake chuo cha ufundi, ni cha kuanzia kutazama. Kwa anayeingia na stashahada, kiwango cha chini cha TCU kimekuwa GPA ya 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne kwa alama D na kuendelea. Kuna kifungu ambacho wengi hawakisomi: mwenye NVA 3 anaweza kukubaliwa hata kama masomo yake ya kidato cha nne hayafiki manne, mradi ana stashahada inayotakiwa. Mafundi kadhaa wamekata tamaa bila sababu kwa kutokijua. Hata hivyo hicho ni kima cha chini, na programu yenyewe inaweza kutaka zaidi.

*Kundi la 4: mhandisi.* Najua utaudhika. Shahada yako inathibitisha kuwa unajua, haithibitishi kuwa unaweza kumfanya mwingine ajue. Tafuta kozi ya ualimu inayopokea wenye taaluma ya ufundi. Halafu, na hili ni muhimu zaidi, omba miezi mitatu katika karakana ya mtu, hata bila malipo. Mwanafunzi wa ufundi humtambua mwalimu asiyejua kushika randa kabla kipindi cha kwanza hakijaisha.

*Kundi la 5: mkufunzi kazini.* Huhitaji kuacha kazi miaka miwili. Unahitaji kujua kuchambua kazi, kuonyesha, na kupima, mambo ambayo nayaeleza hapa chini. Muulize pia mwajiri wako: kama analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, ana kila sababu ya kutaka kozi fupi za VETA ziwanufaishe watu wake.

*Ndugu zetu wa Kenya na Uganda* nao huniuliza. Kenya, chuo mama ni Kenya School of TVET, zamani Kenya Technical Trainers College, pale Gigiri, Nairobi, kilichofunguliwa 1978. Chuo Kikuu cha Eldoret nacho kina shahada ya elimu upande wa teknolojia. Chini ya sheria ya TVET ya 2013, mkufunzi anatakiwa kusajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia mafunzo ya ufundi huko, kwa hiyo ulizia leseni mapema. Uganda, anzia Chuo Kikuu cha Kyambogo.

Maswali manane ya kuuliza chuo kabla ya kulipa

Kuuliza si ujinga. Nenda mwenyewe au piga simu, na uandike majibu.

1. *Usajili wenu ni wa nani, na namba yake ipi?* Kisha kaithibitishe kwenye tovuti ya NACTVET au TCU. Bango la barabarani halithibitishi kitu.
2. *Fani yangu ipo?* Chuo kinaweza kufundisha ualimu wa umeme na kisiwe na mtu wa ushonaji wa kukukagua.
3. *Mazoezi ya kufundisha ni wiki ngapi, wapi, na nani atanikagua mara ngapi?* Jibu la "utapangiwa" halitoshi.
4. *Mashine moja inatumiwa na wanafunzi wangapi?* Omba kuingia karakana. Angalia kama kuna vumbi juu ya mashine. Mashine yenye vumbi haitumiki.
5. *Naweza kusoma nikiwa kazini?* Kwa likizo, kwa masafa, kwa wikiendi?
6. *Ada haijumuishi nini?* Vifaa, ovaroli, viatu vya usalama, bima, mitihani, nauli na chumba wakati wa mazoezi. Hapa ndipo bajeti za wengi huvunjika.
7. *Cheti changu kitaandikwaje, neno kwa neno?* Shahada ya elimu ya ufundi siyo shahada ya uhandisi. Kama una ndoto ya kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, waulize bodi wenyewe kabla ya kuanza, usiwaulize wakati wa mahafali.
8. *Nipeni wahitimu wawili wa mwaka jana nizungumze nao.* Chuo kizuri hakiogopi swali hili.

Utakachokwenda kujifunza hasa

Wengi hudhani ualimu wa ufundi ni saikolojia ya mtoto na kuandika ubaoni kwa mwandiko mzuri. Hayo yapo. Uti wa mgongo ni mambo manne.

*1. Kuchambua kazi.* Fundi mzuri ana ugonjwa mmoja: mikono yake imesahau kwamba iliwahi kujifunza. Anafanya mambo ishirini na kuyaita moja. Ualimu unakulazimisha kuyatoa yote mezani.

Chukua mfano mdogo, kufunga plagi ya pini tatu. Ukimwambia fundi umeme aeleze, atasema: "Unamenya waya, unafunga, basi." Sasa tuichambue:

- Menya ganda la nje bila kugusa ganda la ndani. *Siri:* pinda waya kidogo, uone kama shaba imejitokeza.
- Kata nyaya kwa urefu tofauti, wa eathi ukiwa mrefu kuliko zote. *Siri:* mtu akivuta waya kwa nguvu, eathi iwe ya mwisho kuchomoka, kwa sababu ndiyo inayomlinda.
- Sokota nyuzi za shaba. *Siri:* uzi mmoja uliopotea nje ya skrubu unatosha kuleta shoti.
- Kahawia kwenye laivu upande wa fyuzi, bluu kwenye nyutro, kijani na njano kwenye eathi.
- Kaza kibanio juu ya ganda la nje, usikaze juu ya nyaya. *Siri:* kibanio ndicho kibebe mvuto, skrubu zisibebe.
- Chagua fyuzi kulingana na kifaa. Redio na pasi havitumii fyuzi moja: ya ampea 3 hutosha kifaa cha hadi wati 700 hivi, pasi au birika hutaka ya 13.

Hatua sita, siri nne. Mwanafunzi asiyeambiwa siri anaweza kufunga plagi kumi zinazowaka na zote zikawa hatari. Utakachopimwa nacho chuoni ni uwezo wako wa kuziona siri hizo katika kazi yako mwenyewe.

*2. Kuandaa.* Azimio la kazi kwa muhula, andalio la somo kwa kipindi, na karatasi ya kazi ambayo mwanafunzi anaiweka mezani huku mikono ina grisi. Maandishi yawe makubwa, mistari michache, na michoro ipite maneno.

*3. Kuonyesha.* Kuna hatua nne ambazo viwanda vya Marekani vilizitumia kuwafundisha wafanyakazi wapya kwa haraka wakati wa Vita Kuu ya Pili, na hadi leo sijaona zilizozipita: mwandae, mwonyeshe, mwache ajaribu, mfuatilie. Kwenye kuonyesha, fanya mara tatu:

- mara ya kwanza kwa mwendo wa kawaida, kimya, waone kazi nzima;
- mara ya pili polepole, ukitaja kila hatua na siri yake;
- mara ya tatu wao wakuamuru, wewe ufanye wanachosema tu. Wakiruka hatua, iruke, waone kinachotokea, mradi hakimuumizi mtu.

Na simama upande wao. Ukiwakabili, kulia kwako ni kushoto kwao, na nusu ya darasa itajifunza kinyume.

*4. Kupima umahiri.* Mtaala unaozingatia umahiri hauulizi mwanafunzi amepata ngapi kwa mia. Unauliza anaweza au bado. Andika vigezo kabla ya jaribio, wape wavione. Fundi aliyezoea kusema "hii kazi nzuri" atapata shida hapa, maana atatakiwa kusema nzuri kwa milimita ngapi.

Mazoezi ya kufundisha: kosa langu

Siku ya tatu ya mazoezi yangu nilipewa darasa la kuchomelea. Nilikuwa na hamu ya kuwaonyesha kwamba mkono wangu ni mwepesi. Niliwasha mashine, nikapiga rodi, nikaanza. Sikuhesabu ngao za uso. Zilikuwa chache kuliko wanafunzi, na kijana mmoja aliyesimama nyuma alichungulia juu ya bega la mwenzake.

Mchana alikuwa salama. Usiku macho yake yalimuwasha kana kwamba yamejaa mchanga, asilale, kwa sababu mwanga ule huunguza sasa na kuuma baadaye. Alipona, lakini mimi nilijifunza kitu ambacho miaka yangu ya kuchomelea haikunifundisha: fundi analinda macho yake, mwalimu analinda macho ya wote, hata ya yule asiyemwona.

Kwa hiyo ukienda mazoezini:

- Fika siku mbili kabla. Jaribu kila mashine utakayotumia.
- Hesabu vifaa vya kinga. Havitoshi? Gawa darasa, au badili somo.
- Jua swichi kuu iko wapi na sanduku la huduma ya kwanza lina nini ndani.
- Omba ukaguliwe kipindi kigumu. Kipindi rahisi kitakupa sifa, kigumu kitakupa ualimu.
- Kila jioni andika mistari mitatu: kilichoeleweka, kilichokwama, nitakachobadili.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

- *Kuchagua fani kwa tetesi za ajira.* Mtu ameshona miaka kumi, anaomba umeme wa magari kwa sababu amesikia kuna nafasi. Anaanza upya akiwa na miaka 35.
- *Majina yasiyolingana.* Cheti cha kidato cha nne kina jina moja, cha kuzaliwa jingine, NIDA la tatu. Yarekebishe mapema, kwa hati ya kiapo au njia nyingine utakayoelekezwa. Waombaji mikopo hutakiwa pia kuhakiki cheti cha kuzaliwa kupitia RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na hilo halifanyiki kwa siku moja.
- *Kulipa kwa mtu.* Ada inalipwa kwa namba ya malipo ya taasisi. Anayetaka umtumie kwenye simu yake ili "akushughulikie" mwache.
- *Kuacha kazi ya mikono ukiwa masomoni.* Mwaka mmoja bila kushika grenda unaonekana. Tafuta hata Jumamosi mbili kwa mwezi.
- *Kufundisha kama ulivyofundishwa.* Ulipigwa kofi la kisogo ukajifunza? Ulijifunza licha ya kofi. Chuoni halina nafasi.
- *Kudhani vijana ni wavivu.* Mara nyingi hawajaona maana ya hatua wanayoirudia. Waonyeshe kazi iliyoharibika kwa sababu hatua hiyo iliachwa.

Najua utakachoniambia

*"Mtaani napata zaidi ya mshahara wa mwalimu."* Inawezekana kabisa, hasa mwezi mzuri. Andika mapato yako ya miezi kumi na miwili, mibaya ikiwemo, ndipo ulinganishe. Kama bado mtaa unashinda, baki mtaani na ufundishe wanagenzi kwa utaratibu mzuri. Hilo nalo ni ualimu.

*"Umri umenitupa."* Katika ualimu wa ufundi, mvi ni mtaji. Angalia tu masharti ya umri kwenye tangazo la ajira unayoitaka, kwa sababu ajira za umma huwa nayo.

*"Kiingereza changu kibovu."* Vitabu vya mashine na maandishi mengi ya vyuo yako kwa Kiingereza, karakana inazungumza Kiswahili. Utahitaji kusoma kimoja na kueleza kwa kingine. Anza na maneno mia moja ya fani yako: jina la kifaa, kazi yake, tahadhari yake. Daftari moja linatosha.

*"Sina ada."* Fuata mpangilio huu: mwajiri, mkopo, mkupuo wa kurasimisha ujuzi, akiba. Usianze kwa kuuza mashine yako. Ndiyo itakayokulisha masomoni.

*"Mimi ni mwanamke, watanicheka."* Watacheka wiki mbili. Ya tatu watakuja kukuuliza kwa nini mshono wao una vitundu. Na msichana aliyeko nyuma ya darasa atakuona wewe, ndipo abaki.

*"Wakijifunza siri zangu, watakuwa washindani wangu."* Basi usiwe mwalimu. Sina jibu jingine.

Mpango wa mwaka mmoja

- *Mwezi wa 1 na 2:* jipime kundi lako, kusanya vyeti, sahihisha majina, pata namba ya NIDA.
- *Mwezi wa 3 na 4:* rasimisha ujuzi, au omba kazi ya karakana kama wewe ni mhandisi.
- *Mwezi wa 5:* tembelea vyuo viwili, uliza yale maswali manane, zungumza na wahitimu.
- *Mwezi wa 6 na 7:* fundisha bure mara moja kwa wiki, mahali popote: kanisani, msikitini, kikundi cha vijana. Andika andalio kwa kila kipindi.
- *Mwezi wa 8 na 9:* omba. Vyuo vya kati huwa na mikupuo ya Machi na Septemba, udahili wa shahada hufunguliwa katikati ya mwaka baada ya matokeo ya kidato cha sita. Ipange miezi hii kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka tarehe hizo.
- *Mwezi wa 10 hadi 12:* jifunze kompyuta ya kutosha kuandika andalio na kuchora mchoro, weka akiba ya nauli ya mazoezi, na usiache kazi.

Jaribio la mwisho

Kabla hujaenda kuulizia fomu, fanya hili. Mtafute kijana mmoja asiyejua kazi yako. Chagua kitu kimoja kidogo: kutia zipu, kunoa tindo, kufunga plagi. Mfundishe dakika ishirini, halafu toka nje ya karakana, kaa mbali asikuone, unywe chai yako taratibu.

Ukirudi ukute amefanya mwenyewe, na akaweza kukueleza kwa nini kila hatua iko pale ilipo, nenda kachukue fomu. Ukikuta amekwama, usimlaumu. Kaa naye, muulize alikwama wapi, andika jibu lake. Hilo ndilo somo lako la kwanza la ualimu, na umelipata bila ada.